Sahihi Niliyoitia kwa Wivu

Jumanne, tarehe kumi na nne mwezi wa tatu, saa nne asubuhi. Siku hiyo nilijimaliza kwa mkono wangu mwenyewe.

Mimi ni fundi wa kuchomelea mageti. Nilikuwa nimesahau miwani ya kazi nikarudi nyumbani. Mlango wa chumba cha cherehani umerudishwa. Ndani, mke wangu na Mwalimu, jirani yetu mstaafu, wameinamia karatasi moja.

— Kumbe hizi ndizo nguo mnazoshona!

— Fundi, taratibu, mke wangu akasema. Naandika wosia. Nyumba nakuachia wewe. Mama muuza mkaa ameshatia sahihi, bado Mwalimu. Wanatakiwa mashahidi wawili.

Nyumba ilikuwa yake. Aliijenga kwa sindano kabla hajanijua. Mtu mwenye akili angesema asante. Mimi nikanyakua kalamu.

— Nyumba niachiwe mimi, asaini mwanaume mwingine? Kwani mimi nimekatika mkono?

— Mume wangu, weka hiyo kalamu. Wewe haifai…

— Haifai kwa sababu niliishia darasa la tatu, sivyo? Jina langu naliandika!

— Ndugu yangu, msikilize kwanza mwenzio, Mwalimu akasema.

— Wewe toka! Na usikanyage tena hapa.

Mzee wa watu akatoka, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi. Nikachora jina langu, ulimi nje. Mke wangu akanitazama, akakunja karatasi, akarudi kwenye cherehani yake. Nikajiona mshindi.

Mchana nikaipeleka mwenyewe kwenye ofisi ya kutunza wosia. Karani akagonga muhuri huku anacheka na simu.

Mwezi wa kumi, presha ikamchukua mke wangu. Hatukujaliwa mtoto. Baada ya mazishi tukaitwa ofisini kule, mimi na mdogo wake wa kike.

— Mzee, sahihi hii ya pili ya nani? Afisa akauliza.

— Yangu hiyo! Nikajibu kwa madaha.

— Basi nyumba hupati. Shahidi wa wosia harithi kwa wosia huohuo. Marehemu ameandika vitu vingine vyote viende kwa mdogo wake, na nyumba inaingia humo.

— Mbona mligonga muhuri?

— Muhuri ni wa kupokea, mzee. Si wa kusoma.

Hawa ndio wakubwa wetu. Wamekalia viti vya kuzunguka, neno moja tu la kumwonya mtu asiyesoma linawashinda. Nilifoka mpaka mlinzi akanishika bega. Nikamgeukia shemeji.

— Na dada yako naye alikuwa na Mwalimu wake! Wamenichezea!

Shemeji akampigia simu Mwalimu.

— Mwalimu, njoo hapa ofisi ya wosia, tafadhali. Dada yangu anatukanwa na hawezi kujibu.

Mwalimu akafika anahema. Hakunitazama. Akatoa simu yake, akasoma kwa sauti ujumbe aliotumiwa na mke wangu Jumanne ile:

"Mwalimu, nisamehe kwa aibu ya leo. Najua mume wangu hakutakiwa kusaini. Akipoa nitamweleza, tuandike upya. Usimchukie, akipoa ni mtu mzuri sana."

Masikio yakaniwaka moto. Mlinzi aliyenishika bega akaniachia, akaangalia dirishani. Hata afisa akajifanya anatafuta faili. Nilitamani wanitukane, wanifukuze, wafanye lolote, lakini hakuna aliyefanya.

— Nisamehe, Mwalimu, nikasema. Sauti ilitoka kama ya mtu mwingine.

— Mimi si wa kuombwa, akajibu.

Shemeji akafuta macho kwa mtandio.

— Shemeji, kaa tu kwenye nyumba ile, sikufukuzi. Nijibu kitu kimoja tu.

— Uliza.

— Tangu mwezi wa tatu mpaka wa kumi, dada yangu hakukukuta umepoa hata siku moja?