Yamila Katika Duara la Terere

Kila asubuhi, kabla ya kugusa neli iliyoingia kifuani mwa Yamila, Mama Zunilda alinawa mikono mpaka kwenye viwiko. Usiku kucha pampu ndogo ilikuwa imesukuma chakula cha maji kwenye mshipa wa binti yake. Yamila alipokuwa mchanga, utumbo wake ulijisokota, sehemu kubwa ikafa, ikabidi ikatwe. Kipande kilichobaki hakikutosha kumlisha msichana wa miaka kumi na miwili.

"Jana ulikunywa nini, mwanangu?"

"Maji yangu ya hospitali tu, mama."

Yamila aligeuza uso ukutani. Kila siku alisema hivyo.

Walikuwa wametoka Formosa, mkoa wa mbali kaskazini mwa nchi, wakapanga katika nyumba ya familia za wagonjwa, jijini Buenos Aires. Kila alasiri, Braian, mvulana wa Formosa pia, ambaye kaka yake alitibiwa hospitali ileile, alitengeneza terere, kinywaji baridi cha kwao, uani: majani makavu ya mmea uitwao mate, barafu, na maji ya machungwa yenye sukari tele. Kikombe kilikuwa kimoja na mrija wa chuma mmoja, kikizunguka mkono kwa mkono. Aliyetosheka alirudisha kikombe akisema asante, na hapo alikuwa amejitoa.

Madaktari walikuwa wamemkataza Yamila vinywaji vitamu, kwa kuwa sukari huvuta maji kwenye utumbo mfupi, kisha yote hutoka kwa kuharisha. Alijua. Lakini siku ya kwanza alipositasita, Braian alimcheka. "We Yamila, jiji limeshakulewesha? Terere ya kwetu unaiona uchafu?" Akanywa. Tangu hapo hakuwahi kusema asante.

Alhamisi moja Daktari Ferreyra, mpasuaji, aliwaita ofisini. Hakuwa na utani wake wa kila siku.

"Chakula cha mshipani kimeanza kulichosha ini lake," alimwambia mama. "Ndiyo maana nilitaka kuurefusha utumbo."

Alichukua kipande cha karatasi, akakichanja kwa mkasi, mara upande huu, mara upande ule, bila kukitenganisha. Alipokivuta, kikawa chembamba na kirefu.

"Utumbo wake umetanuka, kwa hiyo tunaweza kuukata na kuushona namna hii. Lakini sasa anaharisha kupita kiasi, na sababu siioni. Ikiwa utumbo wenyewe umeshindwa, itabidi tufikirie kumpandikizia wa mtu mwingine. Watu hupona kwa njia hiyo, ila ni safari ngumu, na dawa zake ni za maisha yote. Jumatatu tutaamua."

Mama Zunilda aliitikia kwa kichwa tu. Alikiokota kile kipande cha karatasi, akakikunja, akakitia mfukoni.

Alasiri ile Yamila hakutulia. Alikaa, akainuka, akaenda dirishani, akarudi. Uani Braian alimwita, "Njoo, bibi mkubwa, barafu inayeyuka!" Alishuka, akapokea kikombe. Mrija ulipogusa midomo, alimwona mama yake kwenye ngazi, akifuta macho kwa pindo la aproni akidhani haonekani.

Yamila alirudisha kikombe kikiwa kimejaa. "Asante," alisema.

"Asante? Hujanywa hata tone!"

Hakumjibu. Alimwendea mama yake akamwambia yote. Mama akamshika mkono, wakarudi hospitali kabla Daktari Ferreyra hajaondoka.

Daktari alisikiliza mpaka mwisho. "Nimekasirika," alisema, "na nimefurahi zaidi ya nilivyokasirika. Kisu changu hakina macho, Yamila. Kinaona kwa maneno yako. Ungenyamaza mpaka Jumatatu, ningeuhukumu utumbo usio na kosa."

Terere ilikoma, na kuharisha kukapungua wiki ileile. Mwezi uliofuata utumbo ulirefushwa. Kidonda kiliuma, na chakula kilirudi taratibu mno, kijiko baada ya kijiko, mpaka Yamila akachoka kusubiri. Hata hivyo ilifika wiki ambayo pampu ililala kabatini usiku mmoja, kisha usiku wa pili.

"Mficha maradhi kifo humuumbua," mama alimwambia akimsuka nywele. "Daktari na mimi tunaweza kukubeba, mwanangu, lakini tuambie uzito ulipo."

Alasiri hiyo Yamila alishuka uani. Braian alimtazama, akajikuna shingo.

"Mama yako ametueleza. Ungeniambia tu," alisema. "Mimi nilidhani unaturingia."

Kisha akamsukumia jagi. "Haya, kaa. Leo wewe ndiye unayemimina, si lazima unywe."

Yamila aliketi katikati yao, akamimina, kikombe kikazunguka, mpaka wote wakasema asante.