Lijamu la Shaba

Farasi wa plastiki hatoki jasho. Hilo hata mtoto wa chekechea analijua, na Rispah alilijua vilevile, ndiyo maana asubuhi ile ya Jumatatu, alipoinua tandiko la farasi mweupe na kidole chake kikarudi kimelowa, alisimama pale pale mbele ya rafu akakinusa. Chumvi. Chumvi na manyoya na majani yaliyotafunwa, harufu ya mnyama aliyekimbizwa mwendo mrefu. Farasi mwenyewe kimo chake hakikuzidi shubiri moja na nusu, na tangu jana hakuna aliyemwondoa rafuni.

"Ni umande tu," akajiambia.

Umande gani ndani ya chumba kilichofungwa madirisha? Lakini mtu mwenye lake moyoni haishiwi majibu, na Rispah alikuwa na lake. Ngojeni kwanza niwaeleze kazi yenyewe, msije mkadhani nawatania.

Kule Galu aliishi mjane mmoja wa Kijerumani, Bibi Hilde, mpenda farasi ambaye goti lilimkataza kupanda. Wenzake huko Ulaya hukusanya sanamu za farasi, wakazivisha mavazi ya Kiarabu: joho la hariri, vishada vya nyuzi, tandiko, hatamu, kila kitu kidogo lakini kamili kama cha kweli. Kisha hukutana ukumbini kushindana. Watu wazima, wallahi! Tena hukagua kwa miwani kama kila kibizimu kinafungika. Bibi Hilde akafungua karakana nyuma ya maduka ya Ukunda, akaajiri wanawake wawili. Mwaka ule wa mvua zisizokoma hoteli zilikuwa zimefungwa moja moja, na Japheth, mume wa Rispah, amerudishwa nyumbani kutoka jikoni mwa hoteli. Kazi ya farasi ndiyo iliyokuwa ikiinjika sufuria.

Mapenzi wa Mwabungo alishona mavazi. Rispah wa Kinango, binti wa mshona viatu, alifanya vitu vya ngozi na shaba. Alikuwa akichuna ngozi ya mbuzi hadi inakuwa nyembamba kama karatasi, akaisuka hatamu; akapinda waya wa shaba, akatengeneza lijamu, kile chuma cha kinywani, kisichozidi ukucha wa kidole cha mwisho. Kazi safi, nawaambia. Na nani aliitazama? Bibi Hilde akiingia, macho yake yalikwenda moja kwa moja kwenye hariri. "Mapenzi! Mikono yako ni dhahabu, Mapenzi!" Rispah alicheka nao, meno nje. Alimwonea mwenzake wivu wa mikono, wivu wa sauti, wivu hata wa jinsi alivyokata uzi kwa meno.

Sasa Bibi Hilde alikuwa anarudi kwao. Alikuwa amesema kwamba Ijumaa angemtaja mmoja kuwa fundi mkuu: karakana ingekuwa mkononi mwake, na jina lake lingeshonwa chini ya kila tandiko litakalosafirishwa. Rispah alilitaka jambo hilo hadi chakula kilikuwa hakipiti.

Na Mapenzi alikuwa na mwiko wake. Farasi alimvisha kila kitu isipokuwa lijamu. Hilo lilibaki limetundikwa msumarini hadi siku ya kumkabidhi. Hapo ndipo alipomtoa farasi nje, juani, akamfunga lijamu mbele ya Bibi Hilde. Nyanya yake Mapenzi alikuwa na pepo la Kiarabu, tena alikuwa mshonaji wa majoho ya ngoma za kupunga, na mwiko ule ulitoka kwake.

"Farasi akikamilika ndani ya nyumba ni mwaliko, dada," alipata kumwambia Rispah. "Kuna mwenyewe. Akikuta mnyama amekwisha kutiwa lijamu, atakuja, na atampanda mtu."

Rispah hakuuliza atampanda nani. Yeye aliona hila tupu: lijamu alilolipofukia macho linafungwa na vidole vya Mapenzi, mbele ya mzungu, na sifa zote zinamwendea Mapenzi. Basi Jumapili, alipotoka kanisani, alifungua karakana kwa ufunguo wake. Farasi mweupe wa Mapenzi, yule wa mashindano, alikuwa amesimama katika joho jekundu, mzuri hata Rispah akamchukia. Akatungua lijamu, akalitia kinywani mwa sanamu, akafunga kibizimu.

"Kama yupo," akasema, Biblia ikiwa kwapani, "na amjie Mapenzi."

Ndiyo maana Jumatatu alipoona jasho lile alitaka liwe umande.

Mapenzi alipoingia, alimwona farasi kabla ya kuvua viatu. Mfuko wake ukaanguka.

"Ni nani aliyemfunga huyu?" akanong'ona.

"Labda ni Bibi."

"Bibi hajui kufunga." Alirudi nyuma hadi mgongo ukagusa ukuta. "Mimi simgusi. Aliyefunga ndiye hufungua."

Wakiwa hapo hapo, Bibi Hilde akaingia. Kwa mara ya kwanza akaliona lijamu likiwa kinywani bila mikono ya Mapenzi kumzuga. Akavaa miwani. Akainama. Akauliza ni nani aliyelitengeneza.

"Ni Rispah," Mapenzi akajibu. "Vyote vya ngozi na shaba ni kazi yake, tangu mwanzo."

Bibi Hilde akavua miwani. "Basi nimekuwa kipofu," akasema. "Rispah, Ijumaa nitataja jina lako."

Furaha ilimpanda Rispah hadi kooni, ikageuka nyongo. Hata ushindi wake amepewa na Mapenzi!

Mchana ule alikwenda nyumbani kupumzika. Ilikuwa saa saba, jua la utosini, hata kuku wamejikunyata kivulini, na Japheth alikuwa amelala chumba cha pili. Rispah alijinyoosha mkekani. Kwanza ikaja harufu ya udi. Kisha jasho, lile lile la asubuhi. Akasikia njuga zikilia mlangoni, kidogo kidogo, kama mtu anayetembea bila haraka, na alipotaka kumwita mumewe akakuta ulimi umelaliwa na kitu cha baridi, chembamba, chenye ladha ya shaba aliyoijua vizuri kwa kuwa ndiye aliyekuwa akiipinda kila siku kwa koleo, na kitu kile kikavutwa nyuma, kikachana pembe za mdomo, na uzito ukakaa mgongoni mwake, uzito wa mwanamume mzima mwenye joho refu, na visigino viwili vikampiga mbavuni, na mikono yake yeye mwenyewe ikashika ardhi, na mlango ukapita, na uwanja ukapita, na miti ikapita, na jua halikusogea, na aliyekuwa juu yake hakusema neno ila alikuwa akicheka polepole kwa pumzi.

Alizindukia mkekani. Japheth alikuwa amesimama kizingitini, macho yamemtoka pima.

"Mama watoto, ulikuwa wapi? Nimekuita, mkeka mtupu!"

Rispah akajitazama. Magoti na viganja vyake vilikuwa vimejaa udongo mwekundu wa kwao Kinango, na pembe za mdomo zilikuwa zikivuja damu.

Jumanne ikawa hivyo, na Jumatano. Mchungaji alimwekea mikono, akaombewa hadi akalia, na saa saba ilipofika njuga zikalia tena. Alikimbilia karakana kumfungua farasi. Kibizimu kilimteleza vidoleni, mara kumi, mara ishirini, kile kibizimu alichokitengeneza mwenyewe! Na ufizi wa plastiki ulikuwa na joto.

Mapenzi aliona midomo yake. Jumatano alimletea asali katika kijichupa. "Jipake pembeni, dada, itakupoza," akasema. Rispah aliipokea, na alipofika njiani akaimwaga.

Alhamisi Japheth alimpeleka Msambweni kwa Bi Ngala, mganga. Walimkuta anamenya muhogo. Alikuwa mwanamke mnene, mkali, wala hakusimamisha kisu.

"Shikamoo, Bi Ngala."

"Marahaba. Nyie wawili, mume aende nje." Japheth alipotoka, akauliza kwa sauti ya chini, "Ulimfunga kwa ajili ya nani?"

Rispah akainamisha kichwa. "Yule mwenzangu wa kazini."

"Nawe ukadhani atakwenda kwake? Mchimba kisima huingia mwenyewe. Yule humpanda aliyefunga kifungo cha mwisho."

"Nifukizie, mama. Nitoe kuku, nitoe mbuzi, nitoe chochote."

"Mbuzi wa nini? Pepo huyo ana wivu kukushinda wewe. Akimpata mwenye wivu amepata banda. Mwambie mwenzako, uso kwa uso, 'Ni mimi niliyefunga, na nilikutakia mabaya.' Kibizimu kitafunguka kwa vidole vyako wewe, atashuka, aende zake. Lakini iwe kabla ya adhuhuri ya Ijumaa. Ikipita hiyo, hashuki tena." Akatupa muhogo ndani ya maji. "Neno moja tu, mwanangu. Wengine nawatoza ng'ombe."

Ijumaa Bibi Hilde alileta soda na biskuti. Alisoma jina la Rispah mbele ya majirani, akampa kitambaa cheupe kilichotariziwa jina lile kwa uzi wa dhahabu, na aliyepiga vigelegele vya kwanza alikuwa Mapenzi. Bibi alipotoka na wageni kwenda kupiga picha, Mapenzi akafunga mlango. Akamshika Rispah mikono yote miwili.

"Dada, ni wewe, sivyo?" akanong'ona. "Sitamwambia mtu. Ukuu ubaki kuwa wako, haki ya Mungu, kazi yako inaustahili. Mimi nitashona tu. Wewe niambie ndiyo, tumfungue sasa hivi, sote wawili. Nyanya alisema ni kabla ya adhuhuri ya Ijumaa, nayo inakaribia."

Rispah alimtazama. Alitafuta hasira machoni mwa Mapenzi, hata chembe, ili apate pa kushika, asiione. Palikuwa na huruma tu. Nafsi yake ikagoma kama punda wa Taru. Angemwomba radhi Bibi Hilde, angemwomba mchungaji, angemwomba mbwa wa jirani. Lakini asamehewe na Mapenzi? Aketi kila siku akitazamana na mtu aliyemshinda hariri, akamshinda na wema pia?

Kutoka msikitini adhana ikaanza.

"Dada, sema!"

"Si mimi," Rispah akasema.

Mapenzi akaiachia mikono yake. "Basi Mungu akulinde." Alichukua mkasi wake na mfuko, akatoka, na tangu siku ile hajaonekana tena katika karakana ile.

Rispah alipiga picha na Bibi Hilde, akitabasamu kwa midomo iliyofungwa. Kisha akaenda nyumbani. Alikikunjua kile kitambaa, akakiweka mkekani, akalisoma jina lake mara mbili, moja kwa sauti. Lilikuwa zuri. Jua lilikuwa utosini na harufu ya udi ilikuwa imekwisha kuingia uani.

Hakupiga kelele, wala hakumwita Japheth. Alipiga magoti, akaweka viganja chini, akafumbua kinywa mwenyewe.