Ekisa Anagawa Vitu Vyake

Kila asubuhi Apeduno alibeba birika la chai na beseni la viazi vitamu hadi kando ya barabara kuu ya Malaba. Hapo malori husimama kwa foleni ndefu yakingoja kuvuka kwenda Uganda. Madereva hushuka, hunyoosha miguu, hunywa chai. Apeduno aliwajua wengi kwa sura, na wachache kwa ubishi wao wa bei.

Karibu na hapo mumewe, Ekisa, alikuwa akitengeneza matairi. Alikuwa na jeki, nyundo, na kompresa ya kujaza upepo. Aligonga tairi kwa nyundo, akasikiliza mlio wake, akajua kama lina upepo wa kutosha. Madereva walimpenda kwa sababu hakuwadanganya.

Siku moja rimu ya lori ilifyatuka alipokuwa akijaza upepo. Ilimponda mkono wa kulia. Madaktari waliokoa maisha yake, lakini mkono haukuokoka. Waliukata chini ya kiwiko.

Kidonda kilipona vizuri. Ekisa mwenyewe hakupona. Alishinda kitandani akiwa ameelekea ukuta. Chakula alikigusa tu. Geoffrey, fundi mwenzake, alipopiga simu, hakuipokea. Brendah, binti yao mkubwa, aliwafundisha wadogo zake kucheza bila kelele.

Apeduno alipeleka habari hiyo kanisani. Kanisa lao ni dogo, liko upande wa kwenda Amukura, na watu wake wanapendana. Haikuchukua muda, kikundi kizima kilifika nyumbani kikiongozwa na Gaudencia. Huyu Gaudencia alikuwa na moyo mkubwa na sauti kubwa zaidi.

Walijaza sebule. Kila mmoja alikuwa na neno la kusema. Mmoja alimwambia Ekisa ashukuru kwa mkono uliobaki, maana kuna watu wamepoteza yote miwili. Mwingine alisema mwanaume hatakiwi kulegea mbele ya watoto. Gaudencia alisema kukata tamaa ni kukosa imani. Kisha wakaomba kwa sauti mpaka majirani wakatoka nje kuangalia. Ekisa aliinamisha kichwa, akasema amina. Wageni waliondoka wakiwa na furaha. Yeye alibaki akiamini kwamba sasa hata Mungu amemchoka.

Baada ya siku chache alibadilika. Aliamka mapema, akaoga, akanyoa ndevu. Aliongea na watoto kwa upole. Kisha akaanza kugawa vitu vyake. Kompresa alimpa Geoffrey. Koti lake la harusi alimpa shemeji yake. Redio alimpa jirani. Jumapili alitembea mwenyewe hadi kanisani, akaweka viatu vyake vya ngozi mbele ya Pasta Methuselah kama sadaka, akarudi kitini na ndala.

Gaudencia alipiga vigelegele. Kanisa zima lilipiga makofi. Walisema maombi yamejibiwa, kwamba mtu aliyekuwa amefungwa na huzuni sasa anatoa kwa moyo mweupe. Apeduno alilia kwa furaha.

Siku iliyofuata Selpha alipita. Selpha alikuwa mzaliwa wa Marachi, aliyeolewa hapo Malaba. Alikuwa mhudumu wa afya ya jamii. Alizunguka nyumba kwa nyumba akiangalia wajawazito, watoto na wagonjwa. Jumapili hiyo hakuwa kanisani, kwa hiyo Apeduno alimsimulia yote, kuanzia redio mpaka viatu, huku akimmiminia chai.

Selpha hakutabasamu. Alisikiliza hadi mwisho, halafu akauliza polepole.

"Mama Brendah, anagawa vile vitu hataki, ama vile anapenda?"

"Vile anapenda."

"Na anaongea mambo ya mbele? Ya mwaka ujao?"

Apeduno alifikiri. Ndiyo, alikuwa ameongea. Alimwambia ni ndugu yake yupi atamlimia shamba bila kumdanganya. Alimwambia ng'ombe akizaa, ndama awe wa Brendah. Apeduno alidhani mumewe anapanga mambo ya nyumba. Sasa alipoyasema kwa mdomo wake mwenyewe, alisikia jambo moja. Katika mipango hiyo yote, Ekisa hakuwemo.

Aliweka kikombe chini.

Selpha alimwambia asiogope kwanza. Alieleza kwamba mtu mwenye huzuni nzito anaweza kutulia ghafla, na watu wake wakadhani amepona. Wakati mwingine amepona kweli. Wakati mwingine ameamua kufa, na anapogawa vitu vyake anaaga.

"Sisemi ni hivyo," alisema. "Siwezi kujua nikiwa hapa jikoni. Lazima aulizwe."

"Nikimwuliza, si nitakuwa nimemwekea hilo wazo kichwani?"

"Hapana. Kama lipo, lipo tayari, na amelibeba peke yake. Ukimwuliza, anapata mtu wa kulibeba naye."

Apeduno alisema hawezi. Midomo yake haitafunguka. Selpha alikubali kuuliza yeye, lakini Apeduno akae karibu na mumewe, asilie kwa nguvu, na asimkemee kwa jibu lolote atakalotoa.

Ekisa alikuwa nyuma ya nyumba, amekaa juu ya tairi kuukuu la trekta. Selpha alivuta kigoda, akaketi chini kuliko yeye. Alimsalimia. Alimwambia hilo tairi limezeeka kuliko wao wote wawili. Ekisa alijibu kwamba lori lililokuja nalo lilikufa zamani.

"Baba Brendah," Selpha alisema, "nimesikia umegawa vitu vyako. Watu wakiumia sana, wengine hufikiria kufa. Wewe unafikiria kujiua?"

Kuku walipita. Barabarani lori lilipiga honi. Apeduno alitazama chini na kushika kitambaa chake cha kichwa kwa mikono yote miwili.

"Ndiyo," Ekisa alisema.

Aliposema hilo, mengine yalitoka. Alikuwa amekwishachagua namna, na kile alichohitaji kilikuwa hapo hapo nyumbani. Alisema yeye ni mdomo wa kulishwa bure. Alisema Apeduno bado ana nguvu, anaweza kuanza upya. Apeduno alitaka kumjibu kila neno. Badala yake alisogea, akaweka mkono wake juu ya goti la mumewe, akauacha hapo.

"Mama Selpha, wewe ni mtu wa kanisa," Ekisa alisema. "Mungu amenikasirikia, ama?"

"Hajakukasirikia. Amekaa na wewe hapa nje tangu ulipoketi, hata kabla sisi hatujafika. Na mimi sitaki ufe. Nimefurahi umeniambia."

Hakuongeza mahubiri. Alimweleza Ekisa hatua zinazofuata, moja baada ya nyingine, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. Leo hii wataenda hospitalini pamoja. Mpaka apate nafuu, hatabaki peke yake. Na kila kitu cha hatari kitatoka katika boma hili.

Apeduno alikusanya dawa zote za ng'ombe na za shamba, akazipeleka kwa jirani azifungie kwa kufuli. Kisha wakaita pikipiki.

Hospitalini daktari alizungumza na Ekisa kwa muda mrefu, mlango ukiwa umefungwa. Baadaye alimwita Apeduno ndani. Alisema huu ni ugonjwa, kama malaria ilivyo ugonjwa. Una matibabu. Haukuletwa na uvivu, wala laana, wala upungufu wa imani. Ekisa atameza dawa kila siku na atarudi kuzungumza na mshauri. Asitarajie kupona kwa siku moja, na asiache dawa akijisikia vizuri.

Apeduno aliuliza kama dawa na maombi vinagombana. Daktari alicheka kidogo, akasema yeye mwenyewe anaomba kabla ya kuingia kazini.

Ekisa aliwaruhusu wamweleze pasta. Pasta Methuselah alisikiliza akiwa amesimama, kisha akaketi. Viatu vya ngozi vilikuwa bado kwenye dirisha lake. Halafu aliwakumbusha habari ya yule nabii aliyekimbilia jangwani, akalala chini na kumwomba Mungu aichukue roho yake.

"Nimehubiri habari hiyo miaka mingi," alisema. "Leo ndiyo naiona. Malaika hakumhubiria. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale. Akamwamsha tena, akampa tena. Mungu alianza kwa chakula na usingizi. Sisi tulianza kwa kelele."

Kesho yake alirudisha viatu kwa mkono wake mwenyewe, na hakukaa sana.

Mgumu alikuwa Gaudencia. Aliposikia, alishika kichwa.

"Yaani nilimpigia vigelegele mtu anayeaga?"

"Hukujua, mama," Selpha alimwambia. "Mimi pia ningekuwepo, huenda ningepiga makofi. Sasa unajua."

Gaudencia aliuliza afanye nini, maana kukaa bure hawezi. Selpha alimwambia aende peke yake, achukue kazi ya mikono, aketi karibu na Ekisa, na asimpe neno lolote. Akiongea, amsikilize. Asipoongea, akae tu.

Gaudencia alifika na kikapu cha mihogo na kisu. Aliketi uani, akamenya. Alimenya wa kwanza, akafungua mdomo, akaufunga. Alimenya wa pili. Jasho lilimtoka. Apeduno alimchungulia kutoka jikoni na kumhurumia.

Mwishowe Ekisa ndiye aliyeanza.

"Mama Gaudencia, uko mgonjwa?"

"Siko mgonjwa."

"Mbona husemi?"

"Nimekatazwa."

Ekisa alimtazama. Mabega yake yakaanza kutikisika. Apeduno alitoka mbio akidhani analia. Alikuwa anacheka. Gaudencia naye alicheka mpaka mhogo ukamdondoka.

Si kila siku ilikuwa hivyo. Kulikuwa na asubuhi ambazo Ekisa hakutaka kuamka. Dawa zilimkausha mdomo, akataka kuziacha, na Selpha akampeleka kwa daktari zibadilishwe. Lakini kila siku mtu mmoja wa kanisa alipita. Walipanga zamu ili wasijazane. Mmoja alileta uji. Mwingine alipukuchua mahindi pamoja naye. Aliyeombwa maombi aliomba, kwa sauti ya kawaida, na kwa ufupi.

Kisha Geoffrey akaja akisukuma kompresa kwenye mkokoteni.

"Boss, chukua hii kitu yako. Nilidhani umenipa kazi. Kumbe ulikuwa unaniachia kilio."

Ekisa alisema fundi wa mkono mmoja hana haja na kompresa. Geoffrey hakubishana naye. Alimsimulia kwamba wiki hiyo alipitisha tairi bovu, likapasuka kabla lori halijafika hata daraja la mpakani, na dereva akarudi kumtukana mbele ya watu.

"Mikono niko nayo," alisema. "Masikio ndiyo sina. Kuja tu unisaidie kusikiliza."

Ekisa alikataa. Wiki iliyofuata Geoffrey alikuja tena, akakataliwa tena. Mara ya tatu Ekisa alivaa viatu.

Kando ya barabara, mbele ya lori lililosimama, alishika nyundo kwa mkono wa kushoto, vibaya, kama mtoto anayejifunza kula. Akagonga. Akagonga tairi la pili. Turniboi mmoja, utingo wa lori hilo, alimtania kwamba anabisha hodi kwa nani huko ndani. Ekisa alimwambia anyamaze, akainamisha kichwa, akagonga tena.

"La ndani," alisema. "Linatoa upepo. Toeni."

Walilitoa. Msumari ulikuwa umezama hadi kichwa. Geoffrey alirusha kofia juu. Madereva waliokuwa wakinywa chai ya Apeduno walishangilia bila kujua wanashangilia nini hasa. Apeduno alijua. Alimwaga chai nje ya kikombe na hakujali.

Siku ya shukrani ya mavuno, Ekisa aliomba nafasi kanisani. Alisimama bila karatasi.

"Wengi hapa mnajua niliumia mkono," alisema. "Hamjui kwamba nilitaka kujiua. Sasa mmejua. Sikuponywa kwa siku moja. Nilipewa swali, nikapelekwa hospitali, nikaletewa uji. Yesu alikuja kwangu na kikapu cha mihogo. Kama uko mahali nilipokuwa, usiende peke yako. Niambie mimi, ama Mama Selpha, ama Pasta. Hatutakupigia kelele."

"Mimi nitajaribu," Gaudencia alisema kutoka nyuma.

Kanisa lilicheka, na kicheko kikageuka wimbo, na wimbo ukageuka ngoma. Waliimba Kiteso, wakaimba Kiswahili, wakazunguka benchi zote na kutoka nje hadi barabarani. Malori yaliyokuwa yakipita yalipiga honi, na waimbaji wakaongeza sauti. Baada ya ibada, kabla ya chakula, watu wawili walimfuata Ekisa mmoja mmoja na kumwomba waongee kando. Mmoja alikuwa mzee ambaye hakuna aliyemdhania. Selpha aliondoka naye kwenda hospitalini siku hiyo hiyo.

Nyumbani, Ekisa na Apeduno waligombana. Apeduno alitaka msimu ujao wapande mihogo upande wa mtoni. Ekisa alisema hapana, huko ni mahindi, mihogo iende juu. Apeduno alisema juu kuna mawe. Ekisa alisema mawe yataondolewa, yeye mwenyewe ataanza, na mwaka wa pili wataongeza karanga, na mwaka wa tatu watajenga jiko jipya hapo karibu na choo.

"Karibu na choo?" Apeduno aliuliza. "Nani atakula huko?"

"Mimi nitakula," Ekisa alisema. "Nitakula huko mpaka nizeeke."

Apeduno alikuwa na jibu zuri sana. Hakulitoa. Alivuta kigoda karibu na mumewe, akamwambia aendelee, amweleze vizuri hilo jiko litakuwa na milango mingapi.