Sahani Isiyoota Kitu

Wajukuu zangu, mmewahi kuona kisichoonekana? Mwenzenu mmoja, tunayemwita Kidole kwa kuwa haachi kugusa vitu, alikiona.

Kila asubuhi Kidole alijaza mtungi wa maji ya kunywa, ndipo aende shule. Wiki hiyo mdogo wake alikuwa akiharisha, macho yameingia ndani. Shangazi yao, binti yangu, hufanya kazi maabara ya hospitali. Akaleta chupa safi, akaomba ajaziwe maji ya mtungi akayapime. Mama Kidole alicheka kwa uchungu, akasema leo wifi anapima maji yake, kesho atapima na sufuria.

Kidole ndiye aliyepeleka chupa maabara. Shangazi akamwonyesha sahani mbili ndogo zenye chakula cha bakteria, kimeganda kama jeli. Ya kwanza hukaribisha bakteria wa kila namna. Ya pili, nyekundu, ina chumvi za nyongo: wengi hushindwa kuota humo, ila wale watokao kwenye kinyesi huota madoa ya waridi.

“Hii ina bawabu mlangoni,” alisema. Akazitia maji, akazilaza kwenye kabati la joto.

Kesho yake zote zilikuwa tupu. Kidole akashusha pumzi, lakini shangazi alikunja uso. Yenye bawabu kuwa tupu ni heri, alisema, ila ile isiyofukuza mgeni, ikose hata mmoja? Maji ya mtungi hayawi hivyo. Akainusa chupa.

“Mwanangu, humu mmetiwa nini?”

Kidole akatazama viatu vyake. “Dawa ya kung'arishia nguo, shangazi. Kidogo tu.”

Hakufokewa; aliambiwa tu kwamba dawa hiyo huua bakteria wote. Alipewa chupa nyingine, akaileta na maji matupu. Asubuhi iliyofuata sahani nyekundu ilikuwa imejaa madoa ya waridi, ya mviringo, yanang'aa kama shanga zilizomwagika. Kidole alisahau hata kupumua. Maji yale maangavu, aliyoyateka kwa mkono wake!

“Wote hawa walikuwa kwenye kikombe cha mdogo wangu?” alinong'ona.

Tangu siku hiyo mtungi husuguliwa na maji huchemshwa. Mtoto alitibiwa, akapona, sasa anatushinda kwa mbio.

Mtoto alipopona, shangazi alimketisha Kidole. “Sahani hujibu kile ulichoiletea. Ukiificha ukweli, anayeumia ni mgonjwa. Ulikuwa ukiogopa nini?”

Kidole alisokota ncha ya shati.

“Nilitaka usimseme mama,” akasema. “Wewe ni wifi yake.”