Kobe na Trela la Madawati

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Kipimo alifagia maranda katika karakana ya mama yake, ambaye alikuwa seremala. Jina hilo alibandikwa na wateja, kwa sababu futi kamba ya mama haikumtoka mkononi. Alipima meza, alipima milango, na siku moja alionekana akimpima paka mkia.

Nje ya karakana aliegeshwa Kobe, pikapu ya familia. Kobe alikuwa na umri mkubwa kuliko Kipimo. Rangi yake ilikuwa imechujuka, na tumbo lake lilikuwa chini mno, karibu liguse ardhi; ndiyo maana akaitwa hivyo. Lakini nguvu alikuwa nazo. Nyuma yake lilifungwa trela, na kwa trela hilo mama aliwapelekea wateja vitanda, makabati na milango.

Msimu huo mama alikuwa akitengeneza madawati ya shule ya kilimani, shule aliyosoma Kipimo mwenyewe. Darasa lake lote lilikaa sakafuni. Waliandika wameinama, madaftari juu ya mapaja, mpaka migongo ikawauma kama vikongwe. Mwalimu mkuu aliomba sana madawati yafike kabla ya mitihani.

Mvua kubwa ikatibua mipango. Iliichimba barabara ya kilimani, ikaacha mifereji pande zote na mwamba uliochomoza katikati ya njia. Mama alipojaribu kupanda, Kobe alikwama juu ya mwamba huo. Magurudumu yalizunguka bure, na tumbo likakwaruza jiwe kwa mlio wa kutia meno ganzi. Wapita njia walisaidia kumsukuma arudi nyuma. Madawati yakarudi karakana.

Mama hakukata tamaa. Alimwita mdogo wake, fundi wa magari. Mjomba alifika, akajitosa chini ya Kobe, ikabaki miguu tu inaonekana.

"Dada, gari lako zima kabisa," sauti ikasema kutoka chini. "Linataka kuinuliwa tu."

Kipimo akarukaruka kwa furaha. "Mjomba, tuliinue kama lile la Mbwembwe!"

Mbwembwe alikuwa dereva wa mtaani aliyebeba matofali kwa trela dogo. Pikapu yake aliipandisha juu hata abiria wake walihitaji kigoda ili waingie. Ilipopita, watoto waliacha michezo yao waishangae.

Mjomba akajivuta nje, uso umejaa vumbi, akacheka. "Mpwa wangu, unataka gari au ghorofa? Mbwembwe amechomeka vipande vya chuma kati ya springi na ekseli ya magurudumu, basi. Gari lake linapendeza macho. Sisi tuna trela zito la kuvuta. Tukiliinua ovyo litayumba, na mzigo utatushinda."

Akamwonyesha springi za Kobe: vyuma bapa vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, vimechoka na kunyooka kwa miaka mingi ya kubeba. Mhunzi angevikunja upya vipate mgongo, kisha angeongeza chuma kimoja kila upande. Hivyo Kobe angeinuka kiasi cha kiganja cha mtu mzima, na nguvu zake za kubeba zisipungue.

"Kiganja tu?" Kipimo alinung'unika.

"Kiganja kinatosha kuuvuka ule mwamba," mjomba akajibu. "Kuzidisha ni kutafuta sifa."

Kazi ikaanza. Kila alipotoka shule, Kipimo alivaa nguo kuukuu na kushika spana. Nati zilikuwa zimeshikwa na kutu, hazitaki hata kutikisika. Walizimwagia mafuta, wakasubiri, wakazirudia mpaka jasho likawatiririka. Mjomba alikagua mpira wa breki, akauona umekuwa mfupi kwa gari lililoinuka, akaweka mwingine mrefu. Mikono ya Kipimo ikawa myeusi kama chungu. Kila siku alikuwa na habari mpya za kuwasimulia wenzake darasani, na hakukosa kuzitia chumvi.

"Kesho mtakaa kwenye madawati!" akawaahidi hatimaye.

Jioni hiyo Kobe alishushwa kutoka kwenye jeki. Alisimama kifua mbele kama askari wa gwaride. Mama akapiga vigelegele. Wakamfunga trela, wakapakia madawati ili asubuhi waondoke mapema. Mjomba, aliyechoka hoi, alikuwa tayari anafuta mikono.

Kipimo akasogea nyuma kutazama kazi yao. Kuna kitu hakikumkalia vizuri. Trela lilikuwa limenyanyua pua, kama ng'ombe anayenusa hewa. Akachukua futi kamba, akapima toka ardhini mpaka sakafu ya trela, mbele na nyuma. Mbele kulikuwa juu zaidi. Akapima tena. Jibu likawa lile lile.

Akisema, safari itaahirishwa, na yeye ameshaahidi darasa zima. Akinyamaza, hakuna atakayejua. Alitazama madawati yaliyofungwa kamba, akafikiria mteremko, na mama akiwa nyuma ya usukani.

"Mama," akasema kwa sauti ndogo. "Trela limeinama nyuma."

"Kidogo tu, mwanangu. Tutakwenda polepole."

"Si kidogo, mama. Nimepima mara mbili. Njoo uone."

Mama na mjomba wakatazamana. Kisha mama akaingia garini, akalizungusha trela taratibu kwenye uwanja mtupu wa jirani. Hata kwa mwendo huo mdogo, trela lilianza kutikisa mkia huku na huko. Mama akasimama, akashuka, uso umebadilika.

Mjomba akajipiga paji la uso. "Uchovu umenifumba macho! Tumeinua gari, ndoano ya kuvutia trela nayo imepanda. Trela likinyanyua pua, uzito unakimbilia nyuma, linaanza kuyumba. Ndoano lazima ishuke. Asante, mpwa wangu. Umetuokoa."

Kesho yake, madawati hayakufika. Darasani, rafiki wa karibu wa Kipimo akauliza kwa sauti ili wote wasikie, "Haya, madawati yenyewe yako wapi? Au ni ya kuchora ubaoni?" Darasa likavunjika mbavu. Kipimo akamgeukia.

"Yatafika," akasema. "Yatafika yakiwa mazima."

Kutwa nzima mjomba na fundi wa kuchomelea walitengeneza mkono wa chuma kinene, wakaukaza kwa bolti nene na ngumu, ndoano ikashuka mahali pake. Kipimo aliporudi, mjomba alimkabidhi futi kamba. Akapima mbele. Akapima nyuma.

"Sawasawa!" akapiga kelele.

Siku iliyofuata walianza kupanda kilima jua likiwa limechomoza vizuri. Kobe alinguruma. Walipoufikia ule mwamba, mama alishika usukani kwa mikono miwili, Kipimo akafumba macho akingoja ule mlio mbaya. Hakusikia kitu. Mwamba ulipita chini ya tumbo la Kobe bila kuligusa, na trela likafuata nyuma kwa utulivu.

Kwenye kona ya juu, chini kidogo ya shule, walimkuta Mbwembwe ameketi kando ya njia, mzima wa afya lakini amenyong'onyea. Pikapu yake ndefu ilikuwa imesimama mshazari, trela lake limeburuzwa mtaroni, matofali yametapakaa.

"Liliniyumba tu ghafla, shemeji," akamwambia mama. "Likanitupa huku."

"Ngoja tushushe mzigo, tutarudi kukuvuta," mama akamjibu.

Kobe alipoingia uwanja wa shule, wanafunzi walimiminika kutoka madarasani wakishangilia. Walishusha madawati kwa nyimbo na vifijo, wakubwa kwa wadogo, na yule rafiki mcheshi alikuwa wa kwanza kubeba. Kisha Kobe akateremka na Kipimo ndani, akafungwa mnyororo, akanguruma mara moja, na trela la Mbwembwe likatoka mtaroni. Mbwembwe akachuchumaa kuitazama ile ndoano iliyoshushwa.

"Nani aliligundua hili?" akauliza.

Mama akaweka mkono begani kwa binti yake. "Huyu hapa. Alijua akisema ukweli atachekwa na wenzake, na akasema. Mwanangu, kila mtu alitaka gari liinuke, na liliinuka. Lakini kazi yetu ilikuwa kuvuta madawati mpaka huku juu salama. Kazi ikikosa sehemu moja, ukaiona, uiseme, hata kama wakubwa wamechoka na wewe mwenyewe una haraka."

"Na mimi nitakuja kupimiwa langu," akasema Mbwembwe, akikuna kichwa.

"Njoo," Kipimo akajibu kwa fahari, "lakini kwanza tutalipunguza urefu!"

Wote wakaangua kicheko. Kengele ikalia. Kipimo akakimbia darasani, akaketi kwenye dawati lililonukia mbao mpya, akanyoosha mgongo, akafungua daftari.