Jina la Dada Benki

Kila jioni Kitinda, mtoto wa mwisho wa fundi makochi, alifagia karakana na kuokota misumari. Hata baada ya baba kufariki aliendelea kufagia. Dada yake ndiye aliyefunga mlango na kutia funguo mfukoni, na hapo ndipo roho ilipomuuma. Funguo za dada, wateja wa dada, na sasa hata benki ya dada!

Kumbe baba alikuwa na akaunti ya pamoja na dada. Karani wa benki aliwaeleza wao na mama yao kinagaubaga, "Leteni cheti cha kifo tuliondoe jina la marehemu. Pesa zitabaki kwa mwenzake aliye hai."

Kitinda aliona wivu. Kwani yeye alikuwa mtoto wa jirani? Siku hiyohiyo alikichukua cheti kabatini akakificha chini ya godoro.

Nyumba ilipekuliwa juu chini. Dada alikwenda benki mikono mitupu, akarudi vivyo hivyo. Akaunti ilihitaji sahihi mbili, na bila cheti hakuna hata senti iliyotoka. Mwenye chumba cha karakana akaja na kufuli lake.

"Mama, kesho saa sita nisipopata kodi, nafunga."

Alipoondoka, Kitinda alibwata, "Si dada ana pesa? Baba alimpenda yeye!"

Mama aliketi. "Mwanangu, baba yako alikuwa mkono wazi. Kila aliyemwomba alimpa. Aliweka sahihi ya dada yako ili awepo mtu wa kukataa. Mtaa mzima ukamwita Bahili. Hicho ndicho unachokionea kijicho?"

Kitinda alikumbuka kwamba yeye pia alimwita dada Bahili, mbele za watu, akacheka. Aliona aibu hadi masikio yakawaka moto. Akaenda chumbani, akarudi na cheti kilichokunjamana.

"Nilikificha mimi, dada. Nilikuonea wivu."

"Ungeniuliza tu," dada alisema, akageukia ukutani.

Asubuhi karani alilipiga mstari jina la baba. "Sasa akaunti ni yako peke yako."

Dada alilitazama jina lile, machozi yakamtoka. "Peke yangu siwezi. Mwandikeni mama."

Kitinda alimshika dada mkono. Kodi ililipwa kabla ya saa sita, na mlangoni pa karakana mama akasema, "Kabla hujamwonea mtu wivu, muulize amebeba nini. Na ukikosea, sema mapema. Leo nusura karakana ifungwe, na pesa tunazo."