Molekuli Yenye Mikono Miwili

"Hiyo haitapita."

Ngaire Tamihana aligeuka. Foleni ya kahawa stesheni ya treni ya Redfern ilikuwa imefika mlangoni, watu wanakanyagana, mvua inatwanga paa. Aliyesema alikuwa kijana mrefu, koti limelowa chapachapa, macho kayakaza kwenye bahasha ambayo juu yake Ngaire alikuwa akichora molekuli.

"Nani kakuuliza, bwana?"

"Hakuna. Ila molekuli yako ina mikono miwili mizuri ya kushika kloridi, ile chembe ya chumvi, na mkia mrefu mno. Ikiingia kwenye mafuta ya utando wa seli itanogewa humo humo. Ng'ambo haitoki."

Ngaire alimtazama juu mpaka chini. Mwenyewe alivaa gauni la manjano na viatu vya mvua vyekundu, jiwe la kijani la bibi yake likining'inia shingoni. "Wewe ni fundi wa mikia?"

"Lachlan Petrakis. Naanza kazi leo hapo chuoni. Napima molekuli za watu."

"Kumbe! Na mimi niko hapo hapo. Basi utapima yangu, na utaniomba radhi."

Alipima. Ikapita. Akaomba radhi kwa pai mbili za nyama, na jioni ile wakaogelea baharini Coogee mpaka midomo ikawa ya bluu kwa baridi. Miezi mitano ikaenda hivyo, "laazizi" huku, "malaika" kule.

Lakini kuipitisha kloridi hakukutosha. Kuna watu ambao mlango wa kloridi kwenye seli za mapafu yao haufunguki. Ngaire aliwatengenezea molekuli ile iwe mbebaji wa kuuzunguka mlango huo, abebe kloridi tu, kwa maana akiburuta na asidi, seli zinaharibika. Miaka minne ya kazi yake ilikuwa humo.

Alhamisi moja, kwenye kikao cha maabara, Lachlan alisimama.

"Molekuli ya Ngaire inabeba kloridi. Ila inaburuta asidi pia."

Ngaire hakuwa na habari. Uso ulimwaka moto. Profesa Whitcombe, mkuu wa maabara, akavua miwani. "Ikiwa hivyo, kikao kijacho tunaiacha."

Jioni Lachlan alipiga simu; iliita mara sita ndipo Ngaire akaipokea.

"Usikate, kipenzi."

"Kipenzi? Kipenzi huambiwa kwanza, peke yake. Hashtukizwi mbele ya watu kumi na wawili!"

"Ningekunong'oneza kwanza wangesema nakupendelea. Kazini nilitaka tuwe wanakemia tu."

"Basi baki mwanakemia tu." Akakata.

Alilia kidogo, akanawa uso. Jumatatu alilifungua daftari la vipimo la Lachlan, akalisoma mstari kwa mstari kama hakimu. Jumanne asubuhi akaingia chumba cha vipimo cha Lachlan, koti jeupe limefungwa mpaka kidevuni, chupa mkononi.

"Mafuta haya ya kutengenezea vifuko vya majaribio, vile vya kuigiza seli, ulifungua lini?"

"Machi."

"Sasa ni Agosti. Mafuta yakikaa yanavunjika, yanaachia asidi za mafuta. Ulitia albumini, ile protini ya kuzifyonza?"

"Sikutia."

"Basi kilichoburuta asidi ni uchafu wa chupa yako, bwana mkubwa. Vaa glavu."

Walirudia kipimo pamoja, bega kwa bega, bila neno la mapenzi hata moja. Wakatia albumini. Kwenye kioo cha mashine mstari wa kloridi ulipanda. Ule wa asidi ukalala tuli, haukutikisika.

"Ngaire..."

"Kayaseme kule kule ulikosemea."

Alhamisi Lachlan akasimama mbele ya wale wale kumi na wawili. "Nilikosea. Molekuli ni safi. Nilitumia mafuta yaliyochakaa, na albumini nikaisahau." Profesa akavaa miwani. "Kazi inaendelea."

Kesho yake, foleni ya kahawa Redfern. Lachlan alikuja akihema, shati jeupe limepigwa pasi, kola imepinda upande mmoja.

"Nina swali. Nakuuliza wewe kwanza, peke yako, kabla ya wale kumi na wawili."

"Uliza, foleni inasogea."

"Tuoane, laazizi?"

Ngaire alimnyooshea kola taratibu, akimwacha atoke jasho.

"Tuoane. Na nikwambie kitu, usimwambie mtu. Ile molekuli uliyoipima mara ya kwanza siyo uliyoiona kwenye bahasha."

"Ilikuwa ipi?"

"Mkia niliukata siku ile ile, kabla ya chakula cha mchana. Ulikuwa mrefu mno."